Je, Wajua Kwa Nini Magazeti ya Zamani Yaliandika "Radiofoto" Chini ya Picha?

Ukifunua gazeti la Marekani la miaka ya 1940, huenda ukakutana na picha yenye ukungu kidogo, iliyopitiwa na mistari myembamba, na katika maelezo yaliyo chini yake limeandikwa neno radiofoto. Siku hizi neno hilo limekufa. Halikumaanisha picha ya chombo cha redio, bali picha iliyosafirishwa kwa mawimbi ya redio, na kwa maoni yangu lilifanya kazi mbili kwa pamoja: lilijigamba kwamba picha imewahi, na papo hapo likamwomba msomaji radhi kwa sura yake.

Kilicholeta haja ya redio ni bahari. Ndani ya nchi picha ziliweza kupita katika nyaya za simu, na shirika la habari la Associated Press lilizindua mtandao wake wa namna hiyo tarehe 1 Januari 1935. Chini ya Atlantiki, hata hivyo, hapakuwa na kebo ya simu hadi mwaka 1956. Zilizokuwapo zilikuwa za telegrafu, yaani za kupeleka maandishi kwa alama za umeme. Mfumo wa Bartlane, uliobuniwa na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulijaribu kuzitumia hizo hizo kwa kuigawa picha katika viwango vitano tu vya weusi na weupe vilivyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Wakati huohuo Mjerumani Arthur Korn, aliyekuwa ameshughulika na upelekaji wa picha kwa waya tangu mwanzoni mwa karne, alifanikiwa mwaka 1922 kurusha kwa redio picha ya Papa Pius XI kutoka Roma hadi Marekani. Mwishoni mwa Novemba 1924, mhandisi Richard Ranger wa RCA, kampuni ya redio ya Marekani, alirusha picha ya Rais Calvin Coolidge kutoka New York hadi London, na mwaka 1926 huduma hiyo ikafunguliwa kibiashara.

Picha ilipitaje hewani? Ilivingirishwa kwenye silinda, silinda ikawa inazunguka, na doa dogo la mwanga likaipitia polepole toka mwisho mmoja hadi mwingine, mfano wa mtu anayemenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Mahali peupe palirudisha mwanga mwingi na mahali peusi palirudisha kidogo. Kifaa chenye kuhisi mwanga kiliyageuza mabadiliko hayo kuwa umeme, na umeme ukawa mlio wa kurushwa redioni. Upande wa pili, ndani ya giza, silinda nyingine iliyovikwa karatasi ya picha ilizunguka kwa kasi ileile, huku taa ndogo ikiongezeka na kupungua kwa kuufuata mlio. Silinda hizo mbili zikipishana kasi hata kidogo, picha iliinama upande, na uso wa kiongozi ukapinda kama unaoonekana ndani ya kijiko. Tena mawimbi mafupi ya redio yanayosafiri mbali hufifia na kurudi yanapoakisiwa na tabaka za juu za anga, na kila kufifia kungeacha mchirizi. Ndiyo maana mafundi walikuja kuutambulisha weusi na weupe kwa wembamba na unene wa mlio, si kwa nguvu yake.

Mfano maarufu ni wa Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 23 Februari 1945, mpigapicha Joe Rosenthal aliwapiga picha wanajeshi wa Marekani wakisimamisha bendera juu ya mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani. Filamu ilipelekwa kwa ndege hadi Guam, ikasafishwa huko, kisha picha ikarushwa kwa redio hadi Marekani, na Jumapili ya tarehe 25 ilikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti. Rosenthal mwenyewe alikuwa bado hajaiona. Alipopongezwa siku chache baadaye na kuulizwa kama aliwapanga watu wake, alijibu ndiyo, akidhani inazungumzwa picha nyingine ya kundi aliyoipiga siku hiyohiyo, na jibu hilo likamletea maswali maisha yake yote.

Setilaiti na kompyuta ziliiondoa radiofoto katika vyumba vya habari, ila mbinu yake haijaisha baharini. Hadi leo vituo kadhaa hurusha ramani za hali ya hewa kwa mawimbi mafupi, kwa kawaida mistari 120 kwa dakika, weusi ukiwa mlio wa hezi 1500 (mitetemo kwa sekunde) na weupe hezi 2300, na nahodha aliye mbali na intaneti huitazama ramani ikijichora mstari baada ya mstari. Yeye huiita faksi.