Alias si jina la utani: majina ya Kiingereza yanayotuponza kwenye fomu

Kijana aliingia kwenye kibanda changu cha tafsiri hapa karibu na stendi ya Tabora, akasema "Shikamoo ticha," akaweka fomu ya viza mezani. Alikuwa ameshaijaza. Alitaka niipitie tu kabla hajaituma. Nikashuka nayo mstari kwa mstari mpaka kwenye kisanduku cha Alias. Hapo, kwa herufi kubwa safi kabisa, ameandika KILLER.

"Huyu Killer ndiye nani?"

"Mimi, ticha. Uwanjani wananiita Muuaji. Mabeki wote wa hapa wananijua."

Nilicheka kwanza, kazi baadaye. Alias ni neno la Kilatini, asili yake ni "kwa namna nyingine" au "wakati mwingine", na katika Kiingereza cha leo limezoea kukaa na polisi na mahakama: jina analojiita mtu pembeni ya jina lake halali, mara nyingi kwa kujificha. Afisa wa ubalozi akikuta Killer hapo hawazi mpira. Kuna fomu nyingine huandika Other names used. Hizo hasa zinataka majina yaliyomo kwenye vyeti vyako vingine, kama la ubatizo au la kabla ya ndoa. La kijiweni liache kijiweni.

Shida inaanzia kwetu, maana "jina la utani" tunalibebesha kila kitu. Mwingereza kabla hajachagua neno ni kama anauliza: jina hili nani kakupa, na la nini? Wamekupa wenzako kwa mazoea au mzaha, hilo ni nickname. Neno hili lenyewe lina kisa nikipendacho. Zamani lilikuwa eke name, eke ikimaanisha "pia" au "nyongeza", kwa hiyo jina la nyongeza. Watu wakitamka haraka an eke name, ile n ya mbele ikahamia kwenye neno, likawa a nekename, na hatimaye nickname. Apron ilikutwa na kinyume chake: ilikuwa napron, ikanyang'anywa n yake.

Surname ndiyo inayoleta watu wengi kibandani. Sur ni "juu" kwa Kifaransa, yaani jina lililopachikwa juu ya lile la kwanza. Kwa Waingereza ni la ukoo: baba analo, mtoto analo, mjukuu analo lilelile. Sisi wengi tunaandika jina letu, la baba, kisha la babu, kwa hiyo la mwisho linasogea kila kizazi. Mzee anakuja na cheti cha mwanawe, anauliza mbona surname ya mtoto si sawa na yake. Ni sawa kabisa, mzee wangu, ila fomu haikutungwa kwa ajili yetu. Waiceland wengi mpaka leo wanaitwa kwa jina la baba kama sisi, na Wales walikuwa hivyo zamani: Price ni ap Rhys, mwana wa Rhys, na Powell ni ap Hywel. Kwa Kiswahili safi tungesema jina la ubini.

Ukiwa na pasipoti usibishane na mtu. Fungua ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini kabisa. Wa juu unaanza na P, kimshale (<), kisha TZA ya Tanzania. Kinachofuata ndiyo surname, halafu vimshale viwili, halafu majina yaliyobaki, kila moja likitengwa kwa kimshale kimoja. Kila mstari una nafasi 44. Lililotangulia vile vimshale viwili ndilo uandike kwenye tiketi kama surname, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Sasa tutoke kwenye fomu, maana sisi wa Tabora tuna mfano mzuri kuliko ule wa vitabuni. Mtemi Mirambo hakuzaliwa Mirambo. Alikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo, ambalo hufasiriwa kuwa "maiti", ni jina la vitani. Kiingereza kina neno lake, nom de guerre, waliloazima kwa Wafaransa kama lilivyo. Stanley, yule mpelelezi aliyepigana naye mwaka 1871 akiwa upande wa Waarabu wa hapa, alimlinganisha na Napoleon. Nalo jina ambalo watu wanakuvika kwa sifa au kejeli mpaka linasimama peke yake, ni sobriquet. "Mwalimu" ya Nyerere, aliyefundisha hapahapa St. Mary's, naiweka humo, wala si kwenye nickname. Na Stanley mwenyewe? Alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands. Stanley alilichukua Marekani. Hilo ni assumed name, jina la kujitwalia. Kwa hiyo mwaka 1876, wale wawili walipochanjiana udugu, hakuna hata mmoja aliyekuja na jina alilozaliwa nalo.

Yaliyobaki ni mepesi. Pen name ni ya mwandishi, kama Mark Twain, aliyekuwa Samuel Clemens. Stage name ni ya jukwaani: Diamond Platnumz ni stage name ya Nasibu Abdul, lakini Simba, anavyoitwa pia, ni sobriquet. Pseudonym inabeba yote hayo ya kujificha au kujipamba. Moniker ni nickname iliyovaa kihuni kidogo. Kwenye barua rasmi sishauri. Handle ni ile ya mtandaoni.

Lipo moja tu ambalo Mwingereza wa kawaida hana neno la kila siku: Mama Kulwa. Jina la mzazi la kuitwa kwa mtoto wake wataalamu wanaliita teknonym, kutoka Kigiriki teknon, mtoto, lakini ukilisema London watakuangalia tu. Wiki iliyopita Mama Kulwa mmoja alifika kwenye swali la maiden name, akanitazama. "La usichana? Mwanangu, mimi sijawahi kulibadilisha." Tukaandika lilelile.

Yule mshambuliaji naye kwenye Alias tukaandika None. Aliikubali kwa shingo upande, akaniuliza kama kuna sehemu nyingine kwenye fomu ambako Killer ingekaa.