Je, wajua ni kwa nini ugomvi wa kidiplomasia hupunguza tija kiwandani?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nchi zinapokosana, hasara ya kiuchumi hupitia mlango mmoja tu, yaani mauzo: mnunuzi wa nje anajitoa, bidhaa zinalala ghalani, fedha za kigeni zinapungua. Halikuwa jibu la uongo, ila lilijibu swali jingine. Mauzo yakishuka kwa nusu na kiwanda kikapunguza saa za kazi kwa nusu, uzalishaji umeanguka, lakini tija, yaani thamani inayopatikana kwa kila saa ya kazi, yaweza kubaki palepale. Nilichanganya wingi wa kinachozalishwa na ufanisi wa kukizalisha, tena nikadhani ufanisi huo hukaa ndani ya mipaka, katika bidii, elimu na mashine za wenyeji.

Mfikirie fundi cherehani mwenye ujuzi wa miaka 20. Akinyimwa sindano inayolingana na kitambaa, ujuzi wake hautoweki, bali unaishia katika kuhangaika: uzi unakatika, anafumua, anarudia. Sindano ni sehemu ndogo mno ya gharama ya vazi, lakini hakuna wingi wa kitambaa unaoweza kuziba pengo lake.

Kiwanda cha magari cha AvtoVAZ nchini Urusi kilikosa sindano mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine iliwekewa vikwazo, Renault ikauza hisa zake mwezi Mei, mitambo ikasimama mara kadhaa kwa kukosa vipuri, kisha mwezi Juni likaanza kutoka gari la Lada Granta lisilo na mifuko ya hewa wala mfumo unaozuia magurudumu kujifunga dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Jengo lilikuwa lilelile na mafundi walewale. Ni nadra tija iliyoshuka kuonekana kwa macho namna ile.

Njia nyingine zipo, kama vile wawekezaji kuahirisha ununuzi wa mashine. Kuna pia mifano ya kinyume: Marekani ilipojizuia kwa sheria ya mwaka 1807 kufanya biashara na nje, viwanda vyake vya nguo za pamba viliongezeka, ingawa kuongezeka kwa viwanda, kwa mara nyingine, si lazima kuwe kuongezeka kwa tija.

Kutenganisha sababu na matokeo ni kazi ngumu, kwa kuwa nchi zenye tija kubwa huvutia pia marafiki wengi. Ndiyo maana kufungwa kwa Mfereji wa Suez tangu Juni 1967, kutokana na vita vya Israeli na nchi za Kiarabu, hadi Juni 1975, kumewafaa wachumi. Nchi zisizohusika kabisa na ugomvi ule zilijikuta zikizungusha shehena kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Mchumi James Feyrer alilinganisha njia zilizorefuka na zisizorefuka, akakuta biashara imeshuka, na kipato kikaifuata. Alichopima, hata hivyo, ni kipato cha kila mtu, si thamani kwa saa ya kazi. Na mfereji uliofungwa hurefusha safari ya kila mzigo, ilhali vikwazo huchagua sindano.