Kazi ya kusoma ya likizo ya kiangazi: barua ya shule inataka nini, na mzazi asiyesoma Kiingereza afanye nini

Shule za Marekani zinapokaribia kufungwa, kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni kutegemea jimbo, mwanafunzi wa shule ya kati, yaani wa darasa la 6, la 7 au la 8, huleta nyumbani karatasi yenye orodha ya vitabu, maelezo ya kazi ya kuandika na tarehe ya kuikabidhi, ambayo mara nyingi huangukia wiki ya kwanza ya masomo mwezi wa Agosti au Septemba. Ninafundisha usomaji katika shule yenye watoto wengi wa familia zinazozungumza Kiswahili. Baadhi yao walitoka Kivu na Katanga nchini Kongo wakapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya), na wengine ni watoto wa Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo au kazi. Wazazi wao huniuliza kama kazi hiyo ni ya lazima, na kama ni ya lazima, wao wasiosoma Kiingereza watasaidia vipi. Jibu langu huwashangaza wengi: sehemu ya kazi hiyo yenye faida kubwa kuliko zote ndiyo ambayo mzazi anaweza kuisimamia bila Kiingereza, nayo ni kuchagua kitabu kinachomfaa mtoto na kuzungumza naye juu ya anachosoma. Karatasi za kujaza zinafuata nyuma.

Kuhusu ulazima, hakuna kanuni moja ya nchi nzima, kwa sababu elimu ya Marekani huendeshwa na majimbo na wilaya za shule. Kuna shule zinazotaja kitabu kimoja kwa darasa zima na kufanya mtihani juu yake siku za mwanzo. Kuna zinazotoa orodha ndefu ili mtoto achague viwili au vitatu. Na kuna zinazosema tu kwamba mtoto asome apendacho na kujaza daftari la dakika alizosoma, lenye nafasi ya saini ya mzazi. Tafuta kwanza kama kazi inahesabiwa katika alama za muhula, kisha tarehe ya kukabidhi. Mtoto aliyechaguliwa kwa madarasa ya juu ya Kiingereza kwa kawaida huwa na kazi yake ya ziada, ambayo haimo katika barua ya wote.

Sababu ya kazi yenyewe ni urefu wa likizo, ambayo hufikia wiki 10 au 11. Wengi husema kwamba likizo hiyo ilitokana na kilimo, lakini maelezo hayo hayaendani na kalenda ya shamba, kwani mikono ya watoto ilihitajika zaidi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na shule za mashambani katika karne ya 19 mara nyingi zilifunguliwa kiangazi. Mapumziko marefu ya kiangazi yalitokana zaidi na shule za mijini. Vyovyote iwavyo, mwaka 1978 mtafiti Barbara Heyns alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa darasa la 6 na la 7 wa mji wa Atlanta, akaonyesha kwamba, kati ya shughuli zote za likizo alizozichunguza, kusoma vitabu ndiko kulikohusiana kwa uthabiti zaidi na maendeleo yao ya masomo katika miezi hiyo. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kukadiria kwamba, kwa wastani, mtoto hurudi shuleni akiwa amepoteza takriban mwezi mmoja wa maendeleo yake, huku pengo la usomaji kati ya watoto wa familia zenye uwezo na wa familia maskini likipanuka.

Takwimu hizo zimerudiwa mno katika mikutano ya wazazi, na ni haki kusema kwamba zimepingwa. Mwaka 2019 mtafiti Paul von Hippel alieleza kwamba baadhi ya mitihani iliyotumika katika tafiti za zamani haikupima maendeleo ya watoto kwa namna inayoruhusu ulinganisho huo, na kwamba mitihani ya baadaye hutoa majibu yasiyokubaliana. Kwa hiyo simtishi mzazi yeyote kwa kumwambia kwamba mtoto wake atasahau nusu ya alichojifunza. Ninachokiamini zaidi ni upande wa pili wa ushahidi, unaohusu kinachotokea mtoto anaposoma. Mwaka 2010 Richard Allington, Anne McGill-Franzen na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti wa Florida, ambako watoto wa shule za msingi zenye familia nyingi maskini walipewa vitabu 12 vya kuchagua wenyewe kila kiangazi, kwa miaka mitatu mfululizo. Alama zao za usomaji zilipita za wenzao ambao hawakupewa, na waliotoka katika umaskini mkubwa zaidi ndio walionufaika zaidi. James Kim naye, akishughulika na watoto wa darasa la 3 hadi la 5, aliona kwamba vitabu peke yake havikutosha: walioendelea vizuri ni wale ambao vitabu vyao vililinganishwa na uwezo wao, ambao walimu waliwafundisha njia za kuelewa wanachosoma, na ambao walisoma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani na kumweleza walichoelewa.

Nikirudi kwenye kuchagua, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumpa mtoto kitabu kigumu kwa kudhani kwamba ugumu ndio unaofundisha. Njia rahisi ya kupima ni hii: mtoto afungue ukurasa wa katikati, ausome kwa sauti, na akunje kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjwa kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho hakifai kusomwa peke yake bila msaada. Kipimo hiki kinaonekana kama mchezo, lakini hesabu yake ina mantiki. Ukurasa wa vitabu vya umri huu huwa na maneno kama 250, na maneno matano ni asilimia 2 yake. Utafiti wa msamiati uliochapishwa na Hu na Nation mwaka 2000, uliowahusu wanaosoma Kiingereza kama lugha ya kigeni, ulionyesha kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya hadithi ili waifuate vizuri bila msaada.

Baadhi ya shule huandika pembeni mwa kila kitabu namba ya Lexile, kwa mfano 850L, inayokadiria ugumu kwa kuangalia urefu wa sentensi na wingi wa maneno yasiyo ya kawaida. Namba hiyo inasaidia kuanza kutafuta, lakini haijui kama mada inamfaa mtoto wa miaka 12, wala haijui kama inampendeza. Mtoto aliyewasili Marekani mwaka jana anaweza kuwa na namba ya darasa la 2 katika Kiingereza huku akili yake na uzoefu wake wa maisha ni wa kijana, na kumpa kitabu cha sungura na dubu ni kumdhalilisha.

Kwa mtoto wa namna hiyo ninapendekeza riwaya za picha. Wazazi wengi huziita katuni na kuzikataa, ingawa walimu wengi siku hizi wanazikubali, kwa sababu picha hubeba sehemu ya maana ambayo msamiati wa mtoto bado haujaifikia. Mfano mmoja unaoonekana katika orodha nyingi ni *When Stars Are Scattered* cha mwaka 2020, kilichoandikwa na Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed, kinachosimulia maisha ya ndugu wawili Wasomali katika kambi ya Dadaab nchini Kenya. Kuna wanafunzi wangu wanaokikumbatia kwa kuwa kwa mara ya kwanza wameona foleni ya maji na ya chakula ndani ya kitabu cha shule, na kuna wengine wanaokifunga baada ya kurasa chache kwa kuwa hawataki kurudi huko. Wote wana haki, na mtu mzima asimlazimishe mtoto kusoma juu ya ukimbizi eti kwa sababu yeye ni mkimbizi.

Kitabu kikishapatikana, gawanya kazi mapema. Mtoto anayesoma maneno 100 kwa dakika katika lugha yake ya pili atapita maneno 2,000 kwa dakika 20, ambayo ni kurasa 8 hivi, na kitabu cha maneno 45,000 kitamchukua takriban siku 23. Likizo ina siku 70 au zaidi, kwa hiyo muda upo hata kwa vitabu viwili, mradi visiachwe hadi wiki ya mwisho ya Julai.

Mazungumzo ndiyo sehemu ambayo mzazi hujidharau bila sababu. Tuseme binti anasoma hadithi ya msichana aliyehamia mjini na bibi yake, na baba, anayefanya kazi zamu ya usiku, ana dakika chache tu wakati wa chakula:

“Haya mama, jana tulimwacha yule msichana ameficha barua. Ameitoa?”

“Bado, baba. Iko chini ya godoro.”

“Anamwogopa nani, bibi yake?”

“Hapana, bibi hamkaripii hata kidogo. Anajua tu kwamba bibi akiisoma atataka warudi kijijini.”

“Imeandikwa hivyo, au ni wewe unavyodhani?”

Swali hilo la mwisho linamrudisha mtoto kwenye ukurasa kutafuta sentensi inayomuunga mkono, na hilo ndilo ninalolifundisha darasani mwaka mzima: kusoma kisichosemwa waziwazi na kutoa ushahidi wake. Baba hakuhitaji kusoma hata mstari mmoja wa Kiingereza. Kiswahili hakimpunguzii mtoto chochote hapo, kwa sababu uwezo wa kupima nia ya mhusika au kukisia kitakachofuata hauhitaji kujifunzwa upya kwa kila lugha. Mtoto anayeweza kuieleza sababu ya barua kufichwa kwa Kiswahili amebakiwa na kutafuta maneno ya Kiingereza tu.

Mazungumzo hayohayo ndiyo yanayoandikwa katika daftari la safu mbili, kazi inayotolewa na shule nyingi. Safu ya kushoto mwanafunzi hunakili sentensi kutoka kitabuni na namba ya ukurasa. Safu ya kulia huandika anachofikiri juu yake. Mwanafunzi aliyekurupuka huandika kulia, “Nimependa sehemu hii,” na hapati kitu. Aliyezungumza na baba yake ataandika kwamba msichana hamwogopi bibi bali anaogopa kuhamishwa tena, na kwamba ndiyo maana mwandishi ametaja mara mbili masanduku ambayo hayajafunguliwa. Muhtasari uliotengenezwa na programu ya akili mnemba huwa hauna masanduku hayo, au una masanduku ambayo hayamo kitabuni, na mwalimu akimuuliza mwanafunzi ana kwa ana hulitambua jambo hilo haraka.

Daftari la dakika na saini silipendi sana. Utafiti mmoja mdogo uliochapishwa mwaka 2012, juu ya watoto wa darasa la 2 na la 3, uligundua kwamba waliolazimishwa kulijaza walipungukiwa na hamu ya kusoma, na sioni sababu ya kijana wa miaka 13 kulipenda zaidi. Likidaiwa, lijazwe kwa ukweli na kwa haraka, na nguvu zielekezwe kwenye kitabu.

Kununua vitabu si lazima. Maktaba ya umma hutoa kadi bure kwa mkazi anayeonyesha uthibitisho wa anwani, na hofu ya faini, ambayo imewazuia wazazi wengi ninaowafahamu, imepungukiwa na msingi: maktaba za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, maktaba za umma za New York mwaka 2021, na miji mingine mingi imefanya vivyo hivyo, ingawa kitabu kilichopotea bado hulipwa. Kwa kadi hiyo mtoto anaweza kutumia programu ya Libby kwenye simu kuazima vitabu vya kusoma na vya kusikiliza, na kusikiliza huku macho yakifuata maandishi kunamsaidia sana anayejifunza Kiingereza. Vitabu vya orodha ya shule huisha haraka, hivyo jiandikisheni kwenye foleni mwezi Juni. Mkumbuke pia kwamba shindano la kusoma la maktaba, lenye zawadi zake, ni tofauti na kazi ya shule, ingawa kitabu kimoja kinaweza kuhesabiwa pande zote mbili.

Barua isipoeleweka, omba tafsiri au mkalimani kutoka shuleni. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya kitaifa katika shule zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi wenye asili ya Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba shule haiwezi kumwacha bila msaada mtoto asiyeelewa lugha ya kufundishia. Usimtumie mtoto mwenyewe kama mkalimani wa barua hii, maana neno “lazima” lina tabia ya kugeuka “hiari” njiani. Mwalimu wa wanaojifunza Kiingereza anaweza pia kuomba mtoto apunguziwe idadi ya vitabu au akubaliwe kitabu mbadala, lakini ombi hilo lifike kabla shule hazijafungwa, kwa sababu baada ya hapo walimu wengi hawajibu barua pepe.

Na ikiwa Agosti imefika na kitabu hakijaguswa, zisomwe sura tatu za kwanza kwa makini, mengine yasikilizwe kwa sauti kadiri muda unavyoruhusu, na mtoto amwambie mwalimu siku ya kwanza amefika wapi. Wengi wetu humwongezea wiki moja mwanafunzi anayesema “nimefika sura ya 5” na kuweza kueleza kilichomo ndani yake.