Kivuli ni kimo: dhana potofu kuhusu vivuli kwenye kurasa za albamu za kidijitali

Ukurasa wa albamu ya harusi au ya ubatizo unaotengenezwa leo kwenye studio ya picha ya Goma hauguswi na gundi wala mkasi. Karatasi ya nyuma, picha mbili tatu, utepe wa kitenge, vifungo, ua, vyote vinapangwa kwenye kompyuta. Hata hivyo jicho linataka kuamini kwamba vitu hivyo vimebandikwa kweli, na kinacholishawishi ni kivuli. Kivuli kinatoa habari moja tu: kitu hiki kimeinuka kiasi gani juu ya kile kilicho chini yake. Makosa mengi ya kurasa za wanaoanza hutokana na kuisahau habari hiyo na kukichukulia kivuli kama pambo.

Majina ya menyu, ya Photoshop pale isipotajwa GIMP, tumeyaacha kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi za mjini. Vipimo ni vya ukurasa wa pikseli 300 kwa inchi, ambapo milimita 1 ni karibu pikseli 12.

Dhana: Ukishapata kivuli kizuri kimoja, kinakili kwenye vitu vyote

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo rahisi kulitambua: picha, kifungo, utepe na ua vyote vinaelea kwenye kimo kimoja, kama majani juu ya maji yaliyotulia.

Chukua kifungo cha shati na picha iliyochapwa, viweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, uinamie kuvitazama. Karatasi ya picha ina unene wa robo milimita hivi, na kivuli chake ni uzi mwembamba unaong'ang'ania ukingo. Kifungo chenye unene wa milimita 3 kinatoa kivuli kinachotoka nje, cheusi pale kinapogusa karatasi, kisha kinafifia. Tofauti hiyo ndiyo unayotakiwa kuihamishia kwenye ukurasa.

Hesabu yake si ngumu. Mwanga ukishuka kwa digrii 45, kivuli kina urefu sawa na kimo cha kitu. Ukishuka kwa digrii 60, kivuli ni karibu 0.6 ya kimo, na huo ndio mwanga unaopendeza kwenye albamu. Kwa hiyo kila milimita ya kimo inahitaji pikseli 7 za Distance (umbali wa kivuli kutoka kwenye kitu). Ulaini wa ukingo unategemea upana wa chanzo cha mwanga: zidisha upana huo kwa kimo cha kitu, kisha gawa kwa umbali wa kutoka kwenye chanzo. Dirisha la mita 1 lililo mita 2 kutoka mezani linatoa ukingo wenye ulaini wa nusu ya kimo, yaani karibu pikseli 6 za Taille (ulaini wa ukingo) kwa kila milimita.

Basi kifungo cha milimita 3 kinapata Distance 20 na Taille 18. Picha iliyobandikwa ingepata 2 na 2 kwa hesabu kavu, lakini karatasi hailali kabisa; kingo zake huinuka nusu milimita hadi milimita moja, kwa hiyo ipe Distance 4 hadi 7. Kitenge kilicholala kinatosheka na 3 au 4, na pale kinapokunjwa mara mbili unapandisha hadi 12 au 14. Ua la karatasi lenye petali zilizoinuka sentimita 1 linafika 70, lakini kwenye ncha za petali peke yake. Katikati, pale lilipobandikwa, kivuli chake ni chembamba kama cha picha.

Kimo kinapimwa kuanzia kwenye kitu kilicho chini moja kwa moja, siyo kuanzia kwenye karatasi ya nyuma. Utepe unaopita juu ya picha na kuteremka hadi kwenye karatasi una vivuli viwili tofauti: juu ya picha kimebana, na mara tu unapovuka ukingo wa picha kivuli kinaruka nje, kwa sababu sasa kinaangukia chini zaidi. Tengeneza nakala mbili za kivuli cha utepe. Ya kwanza ifungie ndani ya picha kwa Masque d'écrêtage (amri ya kuonyesha tabaka ndani ya umbo la lile lililo chini yake tu), ya pili iache kwenye karatasi na uisogeze pikseli 5 zaidi. Mruko huo mdogo hakuna anayeutaja akitazama ukurasa, lakini ukikosekana utepe unaonekana umechorwa.

Dhana: Kivuli cha programu kinatoka tayari

Kivuli cha Ombre portée ni nakala bapa ya umbo la kitu, imesogezwa na kufifishwa kwa kiasi kilekile pande zote. Kinafaa kwa kitu kigumu na bapa, kama kadibodi. Karatasi yenye kona iliyojikunja haiwezi kutoa kivuli cha namna hiyo.

Kwa picha yenye kona iliyoinuka, weka kwanza kivuli cha kawaida: Distance 5, Taille 6, Opacité (ukolevu) 55. Kisha kitenganishe kivuli hicho kiwe tabaka la peke yake, kwa amri iliyo chini ya menyu ya Style de calque (mitindo ya tabaka). Sasa fungua Édition, Transformation, Déformation (kupinda umbo). Vuta kona ya chini kulia itoke nje pikseli 15 hadi 20, na katikati ya ukingo sukuma kivuli kirudi ndani hadi karibu kifichwe na picha. Nakili tabaka hilo la kivuli, ile nakala ipake Flou gaussien (ukungu wa kulainisha) ya pikseli 10, ishushe hadi Opacité 35, halafu kwa maski ibakize kwenye kona tu. Kile kivuli cha kwanza kifute kwenye kona hiyohiyo kwa brashi laini.

Mambo matatu lazima yaende pamoja: pale kitu kinapoinuka, kivuli kinakwenda mbali, kinalainika, kinapauka. Wengi wanafanya la kwanza na kuacha mawili yaliyobaki. Matokeo yake ni kona yenye kivuli kilicho mbali lakini kikali na cheusi, kana kwamba kuna karatasi nyingine nyeusi chini yake.

Kwenye GIMP njia ni ileile kwa mikono: nakili tabaka, funga uwazi wake, lijaze rangi nyeusi, fungua tena uwazi wake, literemshe chini ya kitu, lisogeze, kisha Flou gaussien. Inachukua dakika moja zaidi, na faida yake ni kwamba kivuli kiko huru tangu mwanzo.

Dhana: Kivuli ni cheusi, na Produit ndiyo inayokifanya kiwe cha kweli

Hapa kuna nusu mbili za kosa. Kwa nyeusi tupu, Produit (hali inayozidisha rangi ya juu kwa ya chini) na Normal (inayofunika tu) vinatoa matokeo yaleyale kabisa. Nyeusi ya asilimia 50 inapunguza mwangaza wa karatasi kwa nusu katika hali zote mbili. Anayebadilisha Mode de fusion (hali ya kuchanganya tabaka) bila kubadilisha rangi hajabadilisha kitu.

Tofauti inakuja ukichagua rangi, na kuchagua rangi ni jambo jema. Kivuli kwenye karatasi nyekundu ni wekundu uliokolea, na nyeusi tupu inakipa kivuli sura ya masizi. Kahawia iliyokolea inafaa karibu kila mahali penye rangi za joto: kitenge cha njano, mbao, ngozi. Lakini hapo Produit inakuwa ya lazima. Chukua kahawia yenye nyekundu 60 (kwenye kipimo cha 0, giza tupu, hadi 255), iweke Normal kwa asilimia 50 juu ya karatasi yenye nyekundu 30: unapata 45. Kivuli kimeng'aa kuliko karatasi! Ule ukungu wa ajabu unaoonekana chini ya picha kwenye kurasa nyeusi unatoka hapo. Kwa Produit, hesabu ileile inashuka hadi 18 au 19. Densité linéaire +, hali nyingine ya kuchanganya, inazama zaidi na kukoleza rangi. Ukiitumia, punguza Opacité hadi 30 au 40.

Dhana: Opacité ya 50 inatosha popote

Goma ni mji wa mawe meusi, na kurasa nyingi za hapa zina nyuma ya jiwe la volkano lililopigwa picha barabarani au ukutani. Ni nyuma nzuri mno. Ila kivuli kinapunguza kile kilichopo, na jiwe jeusi halina mwangaza mwingi wa kupunguzwa. Kwenye karatasi nyeupe yenye thamani ya 230, kivuli cha asilimia 50 kinashusha hadi 115. Jicho linakiona mara moja. Kwenye jiwe lenye thamani ya 30 kinashusha hadi 15, na hakuna atakayekiona.

Usikimbilie kupanua kivuli. Inua kwanza jiwe lenyewe kwa Courbes (zana ya kurekebisha mwangaza) hadi sehemu zake za wastani zifike 45 au 60. Bado litasomeka kuwa jeusi. Kisha weka Opacité 80 hadi 90. Mwishowe chora mstari wa mwanga wa pikseli 1 au 2 kwenye ukingo wa picha unaotazama mwanga, nyeupe ya asilimia 25. Juu ya kitu cheusi, ukingo unaong'aa unafanya kazi ambayo kivuli hakiwezi kuifanya.

Dhana: Mwanga wa ukurasa lazima ufuate mwanga ulio ndani ya picha

Picha ni karatasi bapa. Jua lililompiga bibi harusi pale kando ya Ziwa Kivu ni la siku ile. Kivuli cha ukurasa ni cha meza ambayo albamu imelazwa. Ukurasa wenye picha tano zilizopigwa saa tofauti hauwezi kuzifuata zote, na hakuna sababu ya kujaribu. Chagua mwanga mmoja. Juu kushoto ndiko jicho linakokutarajia: Angle 120 kwenye Photoshop, na kivuli kinaanguka chini kulia.

Hatari ya kweli iko kwingine. Maua na vibandiko vya kupakua mtandaoni mara nyingi vinakuja na kivuli kilichokwisha kuchomwa ndani ya faili. Ukikizungusha kibandiko hicho digrii 90, kivuli kinazunguka nacho, na ukurasa unapata jua la pili. Éclairage global (mwelekeo mmoja wa mwanga kwa vivuli vyote) haiwezi kukusaidia hapo, maana inatawala vivuli vya programu tu. Tafuta vibandiko visivyo na kivuli, au kifute kabla ya kuanza.

Dhana: Vivuli viwili vikikutana, weusi unaongezeka

Kwenye programu, ndiyo: vivuli viwili vya asilimia 50 vikipandana vinaacha robo tu ya mwanga, na doa jeusi linatokea baina ya picha mbili zilizokaribiana. Mezani haiko hivyo. Mwanga wa dirisha moja ukishazuiwa na picha ya kwanza, ya pili haina cha kuzuia. Ikiwa vivuli vyote vinaangukia karatasi moja, viweke kwenye kundi moja, kila kimoja kikiwa na nyeusi ya asilimia 100, kisha shusha Opacité ya kundi lenyewe hadi 50. Doa linatoweka.

Dhana: Kila kitu kinahitaji kivuli

Mhuri, wino, maandishi yaliyochapwa na rangi iliyopakwa havina kimo, basi havina kivuli. Herufi zilizokatwa kwenye kadibodi zinacho. Mshono wa uzi unapata pikseli 1 au 2, na unakoma pale uzi unapozama kwenye tundu. Fremu iliyokatwa dirisha inaangusha kivuli ndani ya dirisha, juu ya picha. Picha iliyo chini yake haina haki ya kuangusha kivuli juu ya fremu.

Halafu kuna chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo. Mtu anaikata picha ya chukudu na dereva wake, anaiweka juu ya picha ya barabara, anabonyeza Ombre portée. Kivuli kinachofuata umbo lote kinasema kwamba hiki ni kibandiko cha karatasi, na kama ndicho unachotaka, sawa, acha pia ukingo mweupe wa milimita 1 kuzunguka. Lakini ukitaka chukudu isimame barabarani, kivuli lazima kianzie pale magurudumu yanapogusa ardhi na kilale chini. Nakala nyeusi ya umbo inalazwa kwa Transformation, Torsion (kuvuta pembe za umbo), ikiwa kali kwenye magurudumu na laini kuelekea kichwani. Katika hali hii, tofauti na ile ya kubandika, mwanga wa ile picha ya barabara unapaswa kufuatwa, kwa sababu chukudu imeingia ndani yake.

Dhana: Kinachoonekana kwenye skrini ndicho kitakachotoka kwenye karatasi

Skrini inajitolea mwanga. Karatasi inategemea mwanga wa chumba. Vivuli vikichapwa huzama, kwa hiyo shusha Opacité kwa 5 hadi 10 kabla ya kupeleka faili, na chapisha kwanza kipande cha ukurasa chenye vivuli vizito.

Kuangalia ukurasa mzima kwenye skrini kunadanganya pia. Ukurasa wa inchi 12 kwa 12 una pikseli 3600 kila upande. Ukitoshea kwenye skrini, kivuli cha pikseli 5 kinakaribia kupotea, na mtu anakiongeza hadi 25 ili akione. Kikichapwa ni zaidi ya milimita 2 chini ya picha bapa. Amua vivuli ukiwa kwenye asilimia 100, kisha urudi nyuma kuangalia upangaji tu. Ikiwa ukurasa utatumwa kwa WhatsApp peke yake, punguza nakala hadi pikseli 1080 kwanza na uweke vivuli upya juu ya kipimo hicho. Kile cha 5 kitakuwa kimeshuka chini ya 2, na ukandamizaji wa JPEG utakimeza kilichobaki.

Hifadhi ukurasa wenye matabaka yake kama PSD (faili ya Photoshop) au XCF (faili ya GIMP). Mteja atakapoomba picha moja isogezwe, kivuli chake lazima kiweze kusogea nayo.