Maji ya kioo na usipa wa Kyela: dhana potofu kuhusu kome wavamizi

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ndugu mmoja alirusha picha ya Ziwa Michigan, Marekani. Maji kama kioo, mawe yanaonekana hadi chini. Maelezo yake yalisema ni kome waliolisafisha ziwa lile. Hazikupita dakika kumi mwingine akaandika: "Sasa tunangoja nini? Tuwalete Nyasa." Nilicheka, kisha nikaona nisinyamaze, maana nusu ya yaliyosemwa mle ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha.

"Maji yakitakata, samaki wanaongezeka"

Kome wanaozungumzwa ni wa aina mbili: kome pundamilia, kwa ile milia yake, na ndugu yake aitwaye quagga. Asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Kome mmoja hapiti sana ukucha wa kidole gumba, lakini anaweza kuchuja hadi lita 1 ya maji kwa siku, na katika mita moja ya mraba wanaweza kubanana kwa maelfu. Kwa hiyo maji yanatakata kweli. Cha kuuliza ni wanachuja nini. Wanachukua vijimea vidogo mno vinavyoelea, vile vinavyoyapa maji ukijani. Vijimea hivyo huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na samaki wadogo, wadogo huliwa na wakubwa.

Mtu wa Matema anaijua hesabu hii hata kama hajaisoma popote. Usiku usio na mwezi mitumbwi inatoka na taa, usipa, wale dagaa wa Nyasa, wanaufuata mwanga. Chukua mmoja mbichi kabla hajaanikwa kwenye chanja, umminye tumbo kwa kidole: kinatoka kijiujiuji tu. Ndicho chakula chake hicho, vijidudu vya maji. Na mbasa, yule samaki mkubwa tunayegombea bei yake, anaishi kwa kula usipa. Ukiviondoa vijimea, hujamgusa mbasa hata kidogo, ila umeshamnyima chakula cha kesho.

Ziwa Michigan lilikwenda hivyo. Baada ya quagga kuenea hadi kwenye vilindi, ule wingi wa vijimea uliokuwa ukija kila majira ya kuchipua ulipotea karibu wote. Diporeia, mdudu mfano wa uduvi aliyekuwa akijaa sakafuni mwa ziwa, akatoweka sehemu kubwa. Samaki weupe waliomtegemea, ambao ndio biashara ya wavuvi wa kule, wakakonda. Ziwa Huron, jirani yake, lilipata pigo kubwa zaidi: kati ya 2003 na 2004 samaki mdogo aitwaye alewife aliporomoka, na salmoni aina ya Chinook waliokuwa wakimla wakafuata. Nisiwabebeshe kome mzigo wote; salmoni wenyewe walishamla yule mdogo kupita kiasi. Lakini chakula cha kumrudisha hakikuwepo.

Si kila samaki aliumia. Mwanga unaofika chini huotesha majani, na samaki wa ufukweni wawindao kwa macho walinufaika. Ziwa halikufa, ila riziki ilihama kutoka katikati ya maji ikaenda chini na kandokando. Mvuvi wa kilindini haimsaidii hiyo.

"Basi angalau maji hayo hayana sumu"

Kome huchagua. Mwani wa sumu akiuonja huutema, akaendelea kula vijimea vingine vinavyoshindana na mwani huo. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, kando ya Ziwa Erie, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya mwani huo. Chanzo kikuu kilikuwa mbolea kutoka mashambani (sisi wa mpunga tusijifanye hatusikii), kome wakaongezea.

"Samaki si wanaweza kuwala hao kome?"

Wapo wanaowala. Lakini sehemu kubwa ya kome ni ganda, sawa na mtu kutafuna gunzi akitafuta punje. Samaki weupe walipobaki bila Diporeia waligeukia kome, na hawakurudia unene wao.

"Kome hata sisi tunao"

Tunao, na hawana kosa lolote. Watoto wanaokota maganda yao mchangani Matema kila siku. Kome wetu hujichimbia mchangani akatulia, na watoto wa aina nyingi huanza maisha wakiwa wamejishikiza kwa samaki. Wale wavamizi watoto wao huelea huru majini kwa majuma kadhaa, hawaonekani kwa macho, kisha hujifunga kwa nyuzi kwenye chochote kigumu: jiwe, bomba, mtumbwi, hata mgongo wa kome mwenyeji. Katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, walikogunduliwa wavamizi hao 1988 baada ya kuletwa na maji ya matangi ya meli, kome wenyeji karibu waishe ndani ya miaka michache.

"Wakizidi tutamwaga dawa"

Shimo moja la zamani la machimbo huko Virginia, lililojaa maji, lilifanikiwa kusafishwa kwa potasiamu mwaka 2006. Hilo ni shimo. Mto Snake, Idaho, uliwekewa dawa ya shaba 2023, quagga wakaonekana tena, ikabidi kurudia 2024. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na nchi tatu kandokando. Atakayechangia dawa ya kutosha kutoka Itungi hadi Msumbiji ajitokeze.

"Kwetu ni mbali, hawafiki"

Kome hawa hawajaripotiwa Nyasa. Lakini mwaka 2007 quagga walikutwa Ziwa Mead, jangwani upande wa pili wa Marekani, mbali kabisa na maziwa yale ya kwanza. Boti iliyokokotwa barabarani inatosha kuwabeba. Na Nyasa yenyewe imeshapokea mgeni wa kimyakimya: mwaka 2004 watafiti walieleza kwamba konokono wa asili ya Asia amekuwa akienea ziwani, na jike mmoja anaweza kuzaa bila dume.

Nilipoandika hilo kundini, yule ndugu wa picha akauliza konokono huyo anafananaje, ili akimwona amtupe. Nikamjibu: mrefu, mwembamba, amejisokota kama skrubu. Akaniambia, "Kaka, hao si ndio waliojaa huku siku zote?" Ndipo tatizo lilipo. Anafanana na konokono wetu kiasi kwamba watafiti walilazimika kupima vinasaba kumtambua.