Usifute vumbi la Goma kwa kitambaa kikavu

Juma hili nimeyasikia tena mara tatu. Mteja aliyeniletea gari nilindoe mikwaruzo anashuka, anapitisha kiganja juu ya boneti, au kapo kama tunavyosema hapa, anasema kwa uchungu: "Gari hili sijaliosha ovyo hata siku moja. Kila asubuhi sentineli, mlinzi wangu, analifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kitambaa laini, cha kununua. Maji ni Jumapili tu. Sasa hizi alama za mikwaruzo zimetoka wapi?"

Zimetoka kwenye hicho kitambaa, papa. Sentineli anafanya kwa moyo wote, na kila asubuhi anaisaga rangi ya gari lako.

Tatizo ni kuamini kwamba vumbi ni vumbi tu. Mtu aliyekulia kwenye udongo mwekundu anadhani la hapa ni lile lile, ila jeusi. Tunakanyaga lava. Ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikafika ziwani, na tangu hapo tumeisawazisha, tumeiponda, tumejengea nyumba, tumeimwaga barabarani. Kila lori linapopita linaisaga zaidi. Ongeza majivu ya Nyamulagira, volkano jirani, siku upepo ukigeuka. Vumbi linalolala kwenye kapo yako usiku ni vipande vya jiwe na vya kioo cha volkano, vidogo mno, vyenye kingo kali. Na verni, ile tabaka angavu juu ya rangi, ni laini kuliko vipande hivyo. Ukivikandamiza kwa kitambaa ukavivuta, ni msasa. Ulaini wa kitambaa hausaidii chochote, kwa sababu kinachogusa gari ni jiwe lililonaswa chini yake.

Wasioamini huwa nawafanyia jaribio hili, nawe unaweza kulifanya nyumbani leo. Tafuta CD ya zamani. Nyunyizia upande unaong'aa vumbi kidogo ulilokusanya kwenye gari, uufute mara kumi kwa kitambaa chako laini, kikavu. Halafu uinamishe kwenye mwanga. Sasa chukua CD nyingine, weka vumbi lile lile, mwagia maji kwanza hadi liondoke lenyewe, ndipo upitishe kitambaa. Weka mbili hizo ubavu kwa ubavu. Kuna mzee mmoja niliyebishana naye miezi, alizishika CD hizo mbili akanyamaza, akaenda kumwita dereva wake aje aone.

Gari lenyewe litazame usiku. Washa taa ya simu karibu na kapo: utaona mistari myembamba imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Kwenye gari jeupe huonekana kwa shida, ndiyo maana wenye magari meupe hujiona wako salama. Hawako.

Kwa nini nalisemea sana jambo hili? Kwa sababu verni hairudi. Kwenye magari mengi ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50, na unywele wa mtu una kama 70. Ukiniletea gari liondolewe mikwaruzo, sina dawa ya kuijaza. Ninachofanya ni kuipunguza verni yote mpaka ifike kina cha mkwaruzo. Mara moja sawa, mara mbili kwa uangalifu. Ya tatu naanza kukataa, maana verni ndiyo inayoikinga rangi na jua, na sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jua la hapa ni kali. Verni ikiisha, kapo na paa vinapauka, kisha vinabambuka kama ngozi iliyoungua. Hapo unamhitaji fundi wa kupaka rangi, si mimi.

"Lakini maji ni ghali, siwezi kuosha kila siku." Kweli, na bidoni, yale madumu ya maji yanayoletwa kwa chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, nazinunua mimi pia. Kwa hiyo acha vumbi likae. Gari lenye vumbi halidhuriki likiwa limetulia, linadhurika likifutwa. Na siku ya kuosha, nunua pompi ndogo ya kunyunyizia dawa mashambani, ya lita tano, mpya kabisa, isiyowahi kutiwa dawa. Hiki ndicho kifaa ninachompendekezea kila mtu, na sitachoka. Tia maji na shampoo ya gari kidogo, nyunyizia gari zima kivulini, subiri dakika tano bila kuliacha likauke, kisha suuza kwa maji safi kuanzia paani. Sehemu kubwa ya jiwe itashuka kabla hujagusa chochote. Ndipo uchukue ndoo mbili: moja ya shampoo, nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila ukimaliza upande mmoja. Tazama chini ya ndoo ya pili ukimaliza. Ule mchanga mweusi uliotuama pale ungekuwa unazunguka kwenye milango yako. Kwangu bidoni mbili za lita 20 zinatosha gari dogo.

Bashi, turubai la kufunikia gari, nayo isikudanganye. Ukilifunika gari lenye vumbi, upepo wa usiku utaitikisa bashi hiyo hadi asubuhi, na kazi yake ni ile ile ya sentineli. Ifunike juu ya gari safi, au usiifunike. Kioo cha mbele pia: baada ya majivu kuanguka, usiwashe waipa kikavu hata sekunde moja. Maji kwanza, mengi.

Mengine nitayapitia upesi.

Wanasema mvua imeosha gari. Mvua ya hapa hupita kwenye moshi wa Nyiragongo, wenye gesi za salfa na klorini, ikashuka na tindikali. Mabati yetu yanajua. Matone yakikauka juani hubaki alama zinazoila verni taratibu. Baada ya mvua siku ya moshi mwingi, suuza.

Wanasema maji ya ziwa ni masafi kuliko ya bidoni. Maji ya Kivu yana madini mengi, yakikaukia kwenye rangi huacha madoa meupe magumu. Na pale ufukweni unaposuuzia mafuta ya magari yako ndipo watoto wanapochota maji ya kunywa. Hili linaniumiza kuliko rangi ya gari lolote. Usioshee ziwani.

Sabuni ya unga: chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza, na ukali wake unaondoa nta yote. Sabuni ya maji ya vyombo haili rangi kama wengine wanavyotisha, lakini nayo inaondoa nta, kwa hiyo itumie tu siku unapotaka kupaka nta upya.

Mazuti, yaani dizeli, kwenye matairi na plastiki ili ving'ae: vinang'aa siku moja, vinanasa vumbi siku ya pili, na mpira unaharibika.

Dawa ya meno kwenye taa zilizokuwa njano inafanya kazi, kwa majuma machache. Taa hizo ni plastiki yenye tabaka la kuikinga na jua. Unachosugua ni tabaka hilo lililokufa. Usipopaka kinga mpya juu yake, njano inarudi, na safari hii haraka zaidi.

Na seramiki, ile kinga ya majimaji inayopakwa juu ya verni. Kila mwezi ananijia mtu aliyeambiwa kwamba akishapaka seramiki gari haliwezi tena kukwaruzika, tena halihitaji kuoshwa. Ni tabaka nyembamba mno. Inafukuza maji, uchafu unatoka kirahisi, na inavumilia kemikali kuliko nta. Jiwe la lava litaikwaruza kama linavyoikwaruza verni. Mwezi uliopita nililipokea gari lililopakwa seramiki kwa pesa nyingi, na ndani ya mfuko wa mlango kulikuwa na kitambaa kimekunjwa vizuri, kikavu, cheusi kwa vumbi.