Je, Wajua? Kwa Nini Modeli ya Plastiki Iliwatia Kiwewe Wabunge wa Marekani

Mwaka 1986 kampuni ya Testors ya Marekani, inayojulikana kwa rangi, gundi na modeli za kuunganisha, ilitoa boksi la vipande vya plastiki vya ndege ya kivita ambayo serikali ya nchi hiyo ilikuwa haijakiri kuwa nayo. Waliiita F-19. Uwiano wake ulikuwa 1/48, yaani kila sentimita moja ya modeli inasimama badala ya sentimita 48 za ndege halisi. Kijana mwenye hela ya boksi na subira kidogo angeweza kuiunganisha mezani kwao.

Jina hilo lilikuwa la kubahatisha, lakini lilikuwa na sababu yake. Jeshi lilikuwa na F/A-18, kisha kampuni ya Northrop ikaja na F-20, na namba 19 ikarukwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna ndege imefichwa hapo. Kweli ilikuwepo, ila haikuitwa hivyo. Ilikuwa F-117 ya kampuni ya Lockheed, ndege ya kukwepa rada iliyoruka mara ya kwanza Juni 1981, na marubani wake walikuwa wakifanya mazoezi yao usiku kutoka Tonopah, kwenye jangwa la Nevada. Julai 1986 moja ilianguka karibu na Bakersfield, California. Jeshi lilifunga eneo lote na kukataa kusema ni ndege ya aina gani, na hapo minong'ono ndiyo ikazidi.

Modeli ilipofika Washington, wakuu wa Lockheed walibanwa na wabunge: inakuwaje kitu ambacho hata sisi haturuhusiwi kukiona kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchezea? Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 Admirali Hyman Rickover, baba wa nyambizi za nyuklia za Marekani, alilalamika kwamba modeli ya kampuni ya Revell ya nyambizi yenye makombora ya Polaris ilikuwa inawapa Wasovieti siri kwa bei ya chee. Tofauti ni kwamba Revell walikuwa wameukaribia ukweli. Testors walikuwa wamekosea.

Mbunifu wao, John Andrews, hakuiba chochote. Aliokoteza vidokezo vilivyochapishwa hadharani, akajiuliza: ningetaka rada isinione, ningechora nini? Jibu lake lilikuwa ndege nyeusi ya mviringo, laini kila upande, yenye mapezi mawili ya mkia yaliyoinamia ndani. Ni umbo zuri, na kwa macho yangu linapendeza kuliko ndege yenyewe. Kisha Novemba 1988 Pentagon ikatoa picha moja yenye ukungu ya F-117, na dunia ikaona dude la pembe na nyuso bapa, ambalo hata mviringo mmoja wa maana halina.

Kwa nini pembe? Wimbi la rada likigonga uso bapa hudunda upande mwingine, jinsi mwanga wa tochi unavyodunda kwenye kioo kilichoinamishwa. Mradi uso huo haujaielekea rada moja kwa moja, kinachorudi kwa aliyelirusha wimbi ni kidogo mno. Kitu cha duara, kama mwili wa ndege ya kawaida, kila mara kina sehemu inayoitazama rada, ukiimulika kutoka upande wowote.

Hata hivyo, Lockheed hawakuchagua nyuso bapa kwa sababu hiyo peke yake. Mwanafizikia wa Kisovieti Pyotr Ufimtsev alikuwa amechapisha Moscow, mwaka 1962, hesabu za namna mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Miaka ya 1970 mhandisi wa Lockheed, Denys Overholser, aliisoma kazi hiyo kwa Kiingereza na kuitia kwenye programu ya kompyuta. Kompyuta za wakati ule ziliweza kukokotoa nyuso bapa tu, mipindo iliwashinda. Kwa hiyo ndege ikachorwa kwa kile kilichoweza kuhesabika. Siku 12 baada ya picha ile ya 1988, huko Palmdale, ikaonyeshwa B-2 ya Northrop, ndege ya mabomu inayokwepa rada pia, na hiyo imejaa mipindo. Kwa hiyo Andrews hakuwa mjinga. Alichokosa kujua ni udhaifu wa kompyuta ya mwenzake.

Ukitaka kuielewa tofauti hiyo kwa vidole, unganisha modeli ya F-117 yenyewe. F-117 ina urefu wa mita 20.09, hivyo kwa uwiano wa 1/72 unapata ndege ya sentimita 28 hivi. Kwenye ndege nyingine za jeti, msasa ni rafiki yako: unasugua maungio mpaka mwili uwe laini. Hapa msasa ukiupitisha ovyo kwa kidole, ukingo unalainika na kuwa mviringo, na ndege inaanza kufanana na ile ya Andrews. Unaufunga msasa kwenye kijiti bapa, unasugua uso mmoja, unasimama, unageuza, unaingia uso wa pili. Maungio yakiwa na mwanya, unaujaza, unasubiri ukauke kabisa, na bado huruhusiwi kugusa ukingo wa jirani.

Kuhusu rangi: ndege halisi ni nyeusi, lakini waunganishaji wengi hawapaki nyeusi tupu. Kitu cha sentimita 28 kikipakwa weusi kamili, vivuli vyote vinamezwa na nyuso zile ulizozihangaikia hazionekani tena. Wanachanganya nyeusi na kijivu kidogo, wanapaka tabaka nyembamba lisilong'aa, kisha wanapitisha kijivu chepesi zaidi kwa brashi karibu kavu juu ya kingo peke yake.